Sauti Iliyozimika Kila Nilipoondoka

Siku shemeji yangu alipoletwa kufanya kazi chumbani kwetu, nilimwambia mbele ya watu wote kwamba hapa mimi na yeye hatujuani. "Nyumbani wewe ni shemeji," nikamwambia. "Ukishavuka mlango huu ni mchapaji kama wachapaji wengine, na ukiboronga nitakusema kama ninavyowasema wenzako." Akatabasamu, akanijibu, "Sawa, mama nisiyekujua." Chumba kizima kikaangua kicheko. Hapo nikajua nimeletewa mtu wa kunisumbua roho.

Ngoja nieleze kidogo, maana mimi nikianza kusimulia huwa nakimbia. Kazi yetu ni kuchapa yaliyosemwa na watu. Watu wanafanya mikutano, wanabishana, wanahojiwa, sauti zao zinarekodiwa, kisha rekodi zinaletwa kwetu. Unavaa hedifoni, unakanyaga pedali chini ya meza rekodi itembee, unaachia isimame, na vidole vinaandika neno kwa neno, hata kikohozi kama kimekoholewa kwa makusudi. Mimi ndiye msimamizi wa chumba. Nina meza karibu na dirisha, na nina mdomo, sikatai.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho, haoni. Alipoteza macho utotoni, na ukimwonea huruma anakuuliza kama umepoteza kitu akusaidie kutafuta. Kwa miaka mingi alikuwa mapokezi, ghorofa ya chini ya ofisi hiihii, akipokea simu. "Habari, subiri nikuunganishe." Kutwa nzima ni hayohayo. Alichoka kuunganisha watu wenye mazungumzo yao wakati yeye mwenyewe hana lake. Akaomba ahamishiwe kwenye kuchapa, akakataliwa, akaomba tena, mpaka Bosi akachoka kusema hapana.

Watu wakasema nimembeba. Haki ya Mungu, sikumbeba. Nilipoulizwa maoni yangu nilisema sijui mtu asiyeona atachapaje, na nilimaanisha. Nilikuwa sijui.

Siku ya kwanza akanionyesha. Ndani ya kompyuta yake kuna programu inayomsomea skrini. Haifunguliwi na mtu. Ukiwasha kompyuta nayo inaamka, inakaa nyuma ya kila kitu, huioni popote, kazi yake ni kusema tu: herufi uliyobonyeza, neno uliloandika, mstari uliopo. Kwenye sikio la kushoto anasikia rekodi, kwenye la kulia anasikia programu. Na ameiwekea kasi ya ajabu. Nilivaa hedifoni yake nikasikia kitu kama nyuki ndani ya kopo.

"Haya nayo ni maneno?" nikamuuliza.

"Ni maneno, shemeji. Wewe tu ndiye unayesikiliza polepole."

Mdogo wangu huiita hiyo programu mke mwenzake. Anasema inamnong'oneza mumewe kutwa nzima, na yeye akirudi nyumbani jioni akiongea naye kwa mwendo wa kawaida, jamaa anasinzia.

Basi akaanza kuchapa. Jamani. Nimekaa chumba kile na watu wenye vidole vyepesi, mimi mwenyewe ni mmoja wao, lakini sikuwahi kuona vile. Watu watatu wanagombana kwenye rekodi, kila mmoja anamkata mwenzake, na yeye anawatenganisha kwenye ukurasa bila kurudisha nyuma hata mara moja. Anajua nani amesema nini kwa jinsi anavyovuta pumzi. Mama Pacha, mchapaji wetu mkongwe, ambaye sifa zake huzitoa kwa kijiko cha chai, alisimama nyuma yake akatazama, akarudi kwenye meza yake akasema, "Mimi nafunga duka." Siku chache baadaye nikampelekea shemeji kikombe kikubwa cha chai kama zawadi, kile chenye mfuniko kisichomwagika ovyo. Nikakiweka mezani, upande wa mkono wake wa kulia. Sikumwambia kwa maneno kwamba nimefurahi, maana angenitania mwaka mzima.

Sasa, kesho yake mambo yakaharibika.

Nilimwona ameacha kuandika, vidole viko hewani, kichwa ameinamisha. Nikamfuata. "Kulikoni?"

"Mke mdogo kaninunia," akasema. "Rekodi naisikia, lakini programu imenyamaza."

Alibonyeza vitufe anavyovijua mwenyewe vya kuiamsha, ikaamka. Baada ya muda ikazimika tena. Na ikizimika, yeye amebaki gizani kwelikweli, maana hajui anaandika wapi. Mara moja alichapa hoja nzima ya mtu juu ya hoja ya mtu mwingine kabla hajagundua kwamba amebaki peke yake. Kwa mchapaji hilo ni balaa.

Nikavuta droo yake, nikatoa kipanya. Yeye hakitumii, kila kitu anakifanya kwa kibodi, kwa hiyo alikuwa amekichimbia humo na waya wake ili meza ibaki safi. Nikakitumia kuzungusha mshale huku na huko, nikitafuta sijui nini. Akaiamsha programu, ikasema vizuri kabisa. Nikavuta kiti, nikakaa pembeni yake, mkono juu ya kipanya, tukangoja izimike tuone. Haikuzimika. Tukakaa mpaka nikachoka. Nikarudisha kipanya droo, nikaenda zangu dirishani. Sijamaliza hata kukaa sawa, kumbe saa yake ya kuzimika imeanza kuhesabu. Kitambo kidogo nikamsikia anasema, "Imekufa."

Tukamwita fundi wa kompyuta. Fundi wetu ni kijana mzuri, ana haraka ya mtu anayeitwa kila mahali. Akakaa, akatoa kipanya kwenye droo, akabofya hiki, akabofya kile, akaisikiliza programu inavyopiga kelele. "Mbona iko sawa?" akasema. Akaiondoa, akaiweka upya, akatujaribia mbele yetu, ikafanya kazi kama kawaida. Akaondoka. Ikafa. Akarudi, ikaamshwa, ikasema muda wote aliokuwepo. Akaondoka tena, ikafa tena. Siku ya tatu alipoitwa alinitazama kwa jicho la kuuliza kama nina matatizo nyumbani.

Hapo utani ukaanza. Wakasema kompyuta inamwogopa msimamizi. Wengine wakasema inampenda. Mama Pacha akasema labda ni manukato yangu, na kwamba nikimwazima shemeji kichupa mambo yatakwisha. Mimi sikucheka, kwa sababu dawa pekee iliyofanya kazi ilikuwa ni mimi kukaa pale. Nikichukua kiti changu nikakaa pembeni yake, siku inapita salama. Nikiinuka, inazimika. Kwa hiyo nikawa nakaa. Kazi zangu nikawa nazifanyia magotini, mkono mmoja kwenye karatasi na mwingine ukichezea chochote kilicho karibu, maana mikono yangu haikuumbwa kutulia.

Bosi akaliona hilo. Bosi wetu si mtu mbaya, ila anapenda kitu kiwe kimenyooka. Akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Unamfanyia kazi shemeji yako," akasema.

Damu ikanipanda. "Sijamwandikia hata herufi moja."

"Basi niambie kwa nini ukiondoka anasimama."

"Sijui," nikasema, na nilikuwa nasema kweli. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba hawezi kuweka watu wawili kwenye meza moja. Ijumaa shemeji atapewa rekodi nzima, ndefu, ya mkutano. Atakaa peke yake. Hakuna kumsogelea. Akiimaliza, meza ni yake. Akisimama akashindwa kuendelea, anarudi chini kwenye simu, na habari hiyo isizungumzwe tena. "Siyo adhabu," akasema. "Ni kumtendea haki." Nikatoka nje nikiwa nimekasirika mpaka nikapita mlango wa chumba chetu bila kuuona.

Nilimweleza shemeji neno kwa neno. Akawa anapapasa mfuniko wa kile kikombe.

"Nikirudi kule chini, shemeji, sitapanda tena ghorofa hii," akasema. "Watasema alijaribiwa akashindwa. Na mtu mwingine kama mimi akija kuomba, ataambiwa amtazame yule wa kwenye simu." Sijawahi kumsikia akiongea hivyo, bila kuweka mzaha mahali. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu, vyote kwa pamoja.

Kisha akainua kichwa. "Lakini Bosi ameuliza swali zuri."

"Swali gani zuri? Ametutukana."

"Ameuliza kwa nini ukiondoka nasimama. Sisi wote tumelifanya utani, yeye peke yake ndiye aliyeuliza. Hebu tumjibu."

Huyo ndiye shemeji yangu. Mimi swali lilinichoma, yeye aliliokota akaanza kuligeuzageuza. Akaniambia nilete kiti changu, nikae palepale ninapokaa kila siku, ila nifanye analoniambia tu. "Kaa kama sanamu. Mikono mapajani. Usiseme." Nikakaa. Yeye akaendelea kuandika maneno ya kujaribia. Wachapaji wenzangu wakageuza viti kutazama. Mikono iliniwasha, mguu ukaniwasha, kila mahali pakaniwasha. Tukangoja.

Programu ikazimika. Mimi nimekaa palepale, pembeni yake, na manukato yangu yote.

Shemeji akacheka kwa furaha mpaka akapiga meza. "Siyo wewe," akasema. "Unaona? Siyo wewe. Ni kitu unachokifanya."

Mtu mwingine angevunjika moyo kuona programu imezimika tena. Yeye alifurahi, kwa sababu sasa ilikuwa imezimika mahali alipoitaka izimike. Akaiamsha, akaanza upya. "Egemea meza." Nikaegemea, ikazimika. "Weka mkoba wako mezani kama unavyofanya." Ikazimika. "Ongea, lalamika kidogo." Nikalalamika, tena kwa moyo wote, ikazimika. Kila ikizimika anasema "vizuri" na anaiamsha. Hakuruka kitu, hakuharakisha, hakubahatisha. Nimewaona watu wenye macho mawili wakitafuta funguo zilizo mkononi mwao, na nilimtazama yeye nikaona aibu kwa niaba yetu sote.

"Sasa kaa kama unavyokaa siku zote," akasema mwishowe. "Sahau kama nipo."

Nikajaribu kusahau. Nikachukua karatasi zangu nikaanza kusoma. Programu ikaendelea kusema, ikaendelea, ikaendelea. Shemeji akainua kidole.

"Mkono wako wa kushoto unafanya nini?"

"Haufanyi kitu."

"Shemeji, tangu nimuoe mdogo wako, mikono yako haijawahi kutofanya kitu. Nasikia kitu kinasugua meza."

Nikatazama. Nilikuwa nimefungua droo, nimetoa kipanya, na ninakisukuma mbele na nyuma bila hata kujua. Nikakiachia kana kwamba kimeniunguza. Baada ya kitambo, programu ikazimika.

Tukarudia. Nikikisogeza, inaishi. Nikikiacha, inakufa. Nikikisogeza kwa ncha ya kalamu kutoka mbali, inaishi vilevile. Mama Pacha akaja akakisogeza yeye, ikaishi. Hapo kila mtu akataka kujaribu.

Shemeji hakuwa akitusikiliza tena. Alikuwa ameegemea kiti. "Hii ilianza lini?" akauliza. "Siku za kwanza haikuwepo. Siku za kwanza kipanya kilikuwa hapa mezani, nakigonga kwa kiwiko kila mara, kinanikera. Nikakitia droo nilipopata..." Mkono wake ulikuwa kwenye kikombe.

"Usiseme," nikamwambia.

"Nilipopata zawadi nikakosa mahali pa kuiweka."

Mama Pacha alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kushika.

"Sawa," shemeji akasema. "Kwa hiyo ndani ya kompyuta hii kuna kitu kingine ambacho nacho hakifunguliwi na mtu. Kimejificha kama mke mdogo alivyojificha. Kinaangalia kama kuna mtu mezani. Na mimi nipo, ila hakinioni." Akaanza kubonyeza kibodi, mimi nikisogeza kipanya ili sauti isizimike, akapita kwenye orodha ya kila kilichokuwa kikifanya kazi nyuma ya pazia. Ilimsomea kwa ile kasi ya nyuki. Mimi sikuambulia neno. Ghafla akasimama.

"Mlinzi wa Meza ni nani?"

Tukatazamana kama watoto walioulizwa nani kala nyama.

Mlinzi wa Meza tulimjua. Zamani kidogo, kabla shemeji hajapanda ghorofa yetu, wachapaji walikuwa na tabia ya kufungulia muziki kwenye kompyuta, kisha wanaenda kunywa chai na kuuacha ukipiga. Bosi akichungulia anakuta chumba kitupu kinaimba. Akamwagiza fundi aweke programu: meza ikikaa bila mtu, chochote kinachotoa sauti bila kuwa wazi mbele ya skrini kizimwe. Rekodi za kazi huwa wazi mbele, kwa hiyo zinaachwa. Basi fundi akaweka. Lakini programu yenyewe ilijuaje kama mtu yupo? Kwa kuona kibodi na kipanya vikiguswa. Na Mama Pacha, kwa akili zake, akagundua kwamba ukilaza stepla juu ya kibodi, kompyuta inadhani unaandika. Kwa muda wa wiki nzima chumba chetu kilikuwa na stepla kumi zikichapa kwa bidii na sisi tuko kantini. Bosi alipogundua, akaamuru kibodi isihesabiwe tena. Kipanya peke yake ndicho kitakachosema kama mtu yupo. Stepla haiwezi kusogeza kipanya.

Sisi tunaoshika kipanya siku nzima, Mlinzi hakuwahi kutugusa tena, tukamsahau kabisa. Ikaja siku akaletwa mtu ambaye anachapa kutwa nzima bila kukishika.

Nikampigia fundi, aliyekuwa ametumwa tawi jingine mpaka wiki ijayo. Nikamweleza. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mimi kila nikija," akasema, "naanza kwa kushika kipanya."

"Ndiyo, baba. Kila ukija."

"Mwambie samahani. Mwambie pia kwamba ningemlipia chakula anifundishe kutafuta namna hiyo." Ila kumwondoa Mlinzi kulihitaji yeye mwenyewe awepo, na kulihitaji ruhusa ya Bosi. Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Nikasimama. "Naenda kwa Bosi sasa hivi."

"Kaa, shemeji."

"Nikae vipi, na tumeshajua?"

"Ukienda wewe, ataona umekuja kuniombea. Amesema nikae peke yangu. Nitakaa peke yangu." Akawaza kidogo, akatabasamu. "Nipatie selotepu."

Alichofanya, nitakisimulia mpaka nizeeke. Aliinama chini ya meza, akakishusha kipanya, akakifunga kwa selotepu ubavuni mwa pedali, kikigusa sakafu. Mchapaji hukanyaga pedali siku nzima: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kila akikanyaga, kipanya kikajisugua kidogo sakafuni, na kidogo kilitosha. Mlinzi akitazama anaona mtu yupo. Tukajaribu, ikakubali. Mimi nilikaa dirishani kwenye kiti cha kuazima, mbali naye, na programu ikasema bila kuzimika. Mdogo wangu alipopigiwa simu kuambiwa, alisema sasa mke mwenzake amehamia mpaka miguuni.

Ijumaa asubuhi Bosi alikuja mwenyewe. Akampa rekodi, akakaa karibu na mlango na gazeti ambalo hakulisoma. Kiti changu cha pembeni nilikiacha palepale karibu na meza ya shemeji, kitupu, kwa sababu nilikatazwa kusogea hata kukiondoa. Shemeji akavaa hedifoni, akakunja mikono ya shati, akaanza.

Nilijifanya nina kazi. Nilikuwa nasikiliza pedali: kanyaga, achia. Vidole vyake vilikuwa vinatiririka. Mkutano ule ulikuwa wa fujo, watu wazima wanazomeana, na yeye uso wake umetulia, mara nyingine anatabasamu kwa jambo lililosemwa na mtu asiyemjua. Kurasa zikawa zinaongezeka kwenye skrini. Nikaanza kupumua.

Sasa, sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile. Selotepu na unyevu haviivani. Nikakiona kipanya kinaning'inia, kisha kinalegea, kisha kinadondoka pembeni na kulala chali. Pedali ikaendelea kwenda, kipanya kimelala. Yeye hakujua. Nikahesabu pumzi zangu. Nikainuka nusu, Mama Pacha akanishika gauni kwa nyuma akanivuta nikakaa. Bosi alikuwa ananitazama mimi.

Vidole vya shemeji vikasimama.

Nilijua anachokisikia. Sikio la kushoto watu wanazomeana, sikio la kulia kimya. Aliachia pedali. Bosi akakunja gazeti. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo mpaka nasikia ladha ya damu.

Shemeji hakugeuza kichwa kunitafuta. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alikaa kidogo, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu. Kisha akavua kiatu cha kushoto kwa kutumia cha kulia, akapapasa sakafu kwa vidole vya mguu, akakipata kipanya, akakigeuza, akakikanyaga kwa unyayo. Akabonyeza vitufe vyake. Nikaona bega lake la kulia linashuka, nikajua sauti imerudi. Akarudi nyuma mistari miwili, akafuta alichoandika gizani, akaendelea. Mguu wa kulia ukakanyaga pedali na wa kushoto ukasogeza kipanya, yote miwili kwa zamu, mpaka mkutano ule ukafungwa na watu wakaaga.

Bosi alisogea mezani. Akavaa hedifoni nyingine, akachagua mahali penye fujo kuliko pote, akasikiliza huku anasoma skrini. Akasikiliza tena. Akavua hedifoni. Ndipo alipotazama chini akaona mguu mtupu.

"Hiki nini?"

Shemeji akamweleza, kwa kifupi, bila kumlaumu mtu. Alipotaja Mlinzi wa Meza, Bosi akafumba macho.

"Mimi ndiye niliyesema kibodi isihesabiwe," akasema.

"Ndiyo, Bosi."

"Kwa sababu ya stepla."

Mama Pacha alikuwa anaitazama dari kwa makini.

"Kwa hiyo muda wote huu," Bosi akasema taratibu, "mlinzi wangu alikuwa anadhani hapa mezani hakuna mtu."

"Alidhani hivyo, Bosi," shemeji akamjibu. "Wala hakuwa peke yake."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayetaja saa ni ngapi. Bosi akasimama pale na hedifoni mkononi, akazungusha waya wake kwenye vidole, na uso wake ukabadilika. "Meza ni yako," akasema. "Na Jumatatu huyo mlinzi atatoka." Alipofika mlangoni akageuka akanitazama mimi, akasema, "Samahani, msimamizi." Nikaitikia kwa kichwa.

Walimzunguka, wakampiga mabega, wakamwita kwa majina ambayo siwezi kuyarudia. Mimi sikuenda. Nilikaa dirishani nikijifanya natafuta kalamu, machozi yananitoka, na mwenyewe nasema hovyo kwamba ni vumbi.

Nikasikia kitu kinaburutwa. Shemeji alikuwa anakuja, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila, anasukuma kile kiti changu cha pembeni kupita katikati ya meza za watu. Hakugonga hata moja. Akakifikisha mpaka nilipokuwa nimekaa, akapapasa ukuta, akakiegemeza mahali pake pa zamani.

"Kiti chako hiki," akasema. "Asante kwa kunikalia. Sasa kaa kwako."

Nilimwambia aende akavae kiatu, sakafu ina unyevu. Akaenda. Nikavaa hedifoni zangu na nikageukia skrini, lakini sikukanyaga pedali. Nilikuwa nasikiliza yake.